Kinyweleo na Zamu Zake: Kwa Nini Nywele Zinazoondolewa kwa Umeme Hazimaliziki Siku Moja

Mchumaji wa karafuu wa Pemba hapandi mkarafuu mara moja akamaliza kazi. Tumba za mti mmoja hazipevuki siku moja, hivyo huchuma zilizo tayari, huziacha zilizo changa, kisha huurejea mti uleule mara ya pili na pengine ya tatu katika msimu huohuo. Ngozi ya binadamu ina tabia inayokaribiana na hiyo. Nywele za kidevu au za mdomo wa juu haziko katika hatua moja ya ukuaji kwa wakati mmoja, na tiba yoyote inayokusudia kuziondoa kabisa haina budi kuzifuata kwa zamu zake.

Kutofahamika kwa jambo hili ndiko kunakozaa malalamiko mengi kuhusu elektrolisisi, yaani uondoaji wa nywele kwa umeme. Mwanamke huhudumiwa, uso ukawa safi, na baada ya miezi miwili akaziona nywele tena. Huhitimisha kwamba ametapeliwa, au kwamba mwili wake haukubali dawa. Kwa mkaazi wa Wete au Micheweni ambaye amelazimika kuvuka bahari kwenda Unguja au Dar es Salaam kuitafuta huduma hiyo, hasara si ya fedha za tiba tu. Kuna nauli, malazi, na siku alizoiacha nyumba yake. Wengine hukata tamaa pale pale ambapo tiba ilikuwa imeanza kufaulu.

Maisha ya unywele mmoja

Kila unywele huota ndani ya kinyweleo, yaani mfereji mwembamba uliozama katika ngozi. Chini kabisa ya mfereji huo kuna tunguu la unywele, na ndani ya tunguu kuna papila, nundu ndogo yenye mishipa ya damu ambayo huilisha na kuiamrisha mizizi. Juu kidogo, karibu na pale msuli mdogo unaousimamisha unywele wakati wa baridi ulipojishikiza, kuna sehemu ya ukuta wa kinyweleo iliyotuna kidogo, ambayo hapa itaitwa kituta. Kwa muda mrefu wataalamu waliamini kwamba uhai wote wa unywele uko katika tunguu. Tangu mwaka 1990 imefahamika kwamba ghala la seli shina, ambazo ndizo zinazokijenga upya kinyweleo, limo katika kituta. Kuliharibu tunguu na kukiacha kituta kizima ni kama kuukata mgomba na kuliacha shina lake ardhini.

Maisha ya unywele yana hatua tatu. Ya kwanza ni anajeni, hatua ya kukua: tunguu limezama chini, papila inalisha, na seli zinagawanyika kwa kasi. Ya pili ni katajeni, hatua fupi ya wiki mbili au tatu, ambapo tunguu husinyaa na kinyweleo hujivuta kwenda juu. Ya tatu ni telojeni, hatua ya mapumziko: unywele umeshikizwa tu kama kigingi, haukui, na baadaye hudondoka wenyewe ili kuupisha mwingine.

Muda wa hatua hizi hautegemei mtu tu bali hutegemea pia sehemu ya mwili. Nywele za kichwani hukua kwa miaka miwili hadi sita, kwa kasi ya takribani sentimita moja kwa mwezi, kisha hupumzika kwa miezi mitatu hivi. Ndiyo maana mtu huweza kusuka nywele ndefu za kichwa lakini kope na nyusi zake hazirefuki kupita kiasi. Hizo hukua kwa wiki chache tu. Kwa mdomo wa juu wa mwanamke, hatua ya kukua huchukua takribani wiki 16 na mapumziko wiki 6. Kidevuni, kukua huweza kufika mwaka mzima, na mapumziko wiki 10 hivi. Tarakimu hizi ni za makadirio, na watu hutofautiana, lakini zinatosha kumwongoza mhudumu katika kupanga tarehe.

Mgonjwa mwenyewe anaweza kuzitambua hatua hizo. Unywele uliong'olewa ukiwa katika anajeni hutoka na mzizi wenye weusi, mara nyingi umezungukwa na ala laini inayong'aa kama utelezi. Uliokuwa katika telojeni hutoka kwa wepesi, na ncha yake ya chini ni kirungu kidogo, cheupe na kikavu.

Pamoja na nywele hizi nene kuna malaika, vinywele laini visivyo na rangi kali vinavyoufunika mwili karibu wote. Laika si ugonjwa. Lakini chini ya amri ya homoni za androjeni, laika huweza kugeuka kuwa unywele mnene na mweusi, na hapo ndipo shida ya wanawake wengi inapoanzia. Itarejewa mbele.

Kazi ya umeme ndani ya kinyweleo

Elektrolisisi haikuanzia katika saluni wala haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Mwaka 1875 daktari wa macho Charles Michel, wa mji wa St. Louis nchini Marekani, alieleza jinsi alivyotumia sindano yenye umeme kuziharibu kope zilizogeukia ndani na kuikwaruza mboni. Tanzania inayafahamu vizuri mateso hayo kwa sababu ya trakoma, ugonjwa wa vikope, ambao umechunguzwa kwa miongo mingi wilayani Kongwa, mkoani Dodoma. Siku hizi tiba kuu ya kope zilizogeuka ni upasuaji wa ukope, si umeme. Hata hivyo mgonjwa wa vikope anayezing'oa kope zake kwa kibano na kuziona zimerudi baada ya wiki kadhaa anakutana na kanuni ileile ya mizunguko inayojadiliwa hapa.

Njia aliyoitumia Michel hutumia mkondo mnyoofu wa umeme. Sindano nyembamba sana huingizwa katika kinyweleo kwa kuufuata unywele wenyewe, bila kuitoboa ngozi. Sindano hiyo ni ncha hasi. Ncha chanya hushikwa na mgonjwa mkononi. Mkondo unapopita katika maji na chumvi vilivyomo mwilini, kwenye sindano huzalishwa gesi kidogo ya haidrojeni pamoja na haidroksidi ya sodiamu. Hii ya pili ndiyo soda kali, ileile wanayoitumia watengenezaji wa sabuni, isipokuwa hapa kiasi chake ni kidogo mno na kinabaki ndani ya kinyweleo kimoja. Soda hiyo huyeyusha seli zinazokizunguka. Kinachoharibu, kwa hiyo, si umeme wenyewe bali kemikali iliyopikwa na umeme pale pale panapohitajika.

Kiasi cha soda hulingana na nguvu ya mkondo ikizidishwa kwa muda. Mkondo wa milliampea 0.3 kwa sekunde 15 hutoa kiasi sawa na milliampea 0.5 kwa sekunde 9. Mhudumu hodari huitumia hesabu hii kwa faida ya mgonjwa: asiyestahimili maumivu hupewa mkondo mdogo kwa muda mrefu zaidi, na matokeo yanabaki yaleyale.

Katika miaka ya 1920 Henri Bordier wa Lyon, Ufaransa, alileta njia ya pili, inayotumia mkondo geu wa masafa ya juu. Hapa hakuna kemikali. Umajimaji ulioizunguka sindano hupata joto na seli huungua. Njia hii ni ya haraka, lakini joto hushindwa kufika vizuri katika kinyweleo kilichopinda. Njia ya tatu huchanganya mbili za mwanzo: joto huiongezea soda kasi ya kufanya kazi na kuisambaza. Henri St. Pierre na Arthur Hinkel wa Marekani walipata hataza ya mashine ya aina hiyo mwaka 1948. Kwa wenye nywele za kipilipili, ambazo vinyweleo vyake vimepinda chini ya ngozi, njia ya soda pekee au ya mchanganyiko mara nyingi hufaa zaidi, kwa kuwa umajimaji hufuata pindo ambalo sindano iliyonyooka haiwezi kulifuata.

Wakati gani kinyweleo huangamia

Kinyweleo kilicho katika anajeni kina maji mengi, hivyo hupitisha umeme vizuri. Unywele wake unaonekana juu ya ngozi na kuionyesha sindano njia hadi kwenye tunguu. Papila imeshikamana nalo. Mambo haya matatu kwa pamoja huifanya anajeni, hasa ya mwanzoni kabla kinyweleo hakijazama sana, kuwa wakati bora wa tiba. Kinyweleo kilichopumzika kimekauka na kujikunja juu. Sindano huweza kukifikia, lakini soda huzalika kwa uhaba, na mara nyingine unywele umekwisha kudondoka na hakuna alama yoyote ya kuonyesha kwamba hapo pana mlango.

Hesabu ifuatayo ni ya mfano tu. Mwanamke ana vinyweleo 100 vyenye nywele nene juu ya mdomo. Siku tatu au nne kabla ya tiba amezinyoa. Siku ya tiba, zilizochomoza tena ni zile zinazokua, tuseme 65. Nyingine 35 zimelala. Mhudumu anazitibu zote 65, na katika hizo vinyweleo 49 vinakufa huku 16 vikinusurika, maana hakuna mkono wa binadamu usiokosea na hakuna pindo la kinyweleo lisilo na hila. Baada ya miezi miwili, wale 35 waliokuwa usingizini wameamka, na walionusurika wengi wao wanachipua upya. Kioo kinaonyesha nywele karibu 51. Mgonjwa anasema nusu zimerudi. Ukweli ni kwamba 35 hazikurudi, kwa sababu hazikuwahi kuguswa, na vinyweleo 49 havitaota tena.

Ndiyo maana tiba ya uso huhitaji mwaka mmoja hadi mwaka mmoja na nusu, hata mikononi mwa fundi bora. Anayeahidi kumaliza kwa mara moja, au kwa wiki moja, ama haijui biolojia ya nywele au anaijua na kuificha. Na la pili ndilo baya zaidi.

Kwa mgonjwa wa Pemba mizunguko hii huweza kugeuzwa kuwa ratiba. Hakuna faida ya kusafiri kila wiki. Baada ya kusafishwa eneo lote kwa mara ya kwanza, ziara za kila wiki nne hadi sita kwa mdomo wa juu, na wiki sita hadi nane kwa kidevu, huikuta zamu mpya ikiwa changa na ikiwa imechomoza. Ni afadhali ziara moja ndefu inayosafisha eneo zima kuliko ziara tatu fupi zinazoacha viraka, kwa sababu viraka hivyo huingia mapumzikoni kabla ya safari inayofuata. Akikosa ziara moja kwa sababu ya pepo za kusi au msimu wa karafuu, kilichokufa hakifufuki. Kinachopotea ni zamu moja tu.

Kati ya ziara, kunyoa au kukata kwa mkasi kunaruhusiwa. Kung'oa hakuruhusiwi, iwe kwa kibano, kwa uzi, kwa majivu au kwa sukari iliyopikwa na ndimu. Unywele uliong'olewa huacha mlango usio na alama, na kung'oa huweza kukiamsha kinyweleo nje ya zamu yake, hivyo ratiba yote huvurugika. Zaidi ya hayo, kung'oa mara kwa mara hukipindisha kinyweleo na kusababisha nywele kuotea ndani. Wapo wanaokataa kunyoa kwa kuhofia kwamba wembe hunenepesha nywele. Mildred Trotter alilipima jambo hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 1928: wembe haubadilishi unene wala kasi. Ncha iliyokatwa butu ndiyo huonekana nene kuliko ncha ya asili iliyochongoka.

Desturi ya Kiislamu ya kutoziacha nywele za kwapa na za sehemu za siri kupita siku arubaini haipingani na ratiba hizi, mradi muda wa tiba utakapokuwa unaendelea mtu atumie wembe badala ya kung'oa. Jambo linalostahili kusemwa mapema zaidi ni la bi harusi. Somo humwandaa kwa singo na hina katika siku za mwisho, na familia hudhani elektrolisisi nayo ni ya siku hizo. La hasha. Anayetaka uso usio na nywele nene siku ya harusi aanze mwaka mzima kabla, na ziara ya mwisho iwe wiki mbili au zaidi kabla ya sherehe, ili wekundu, uvimbe na vigaga viwe vimekwisha.

Nywele zinapokuwa dalili

Mhudumu wa afya wa kituo cha Pemba huenda asiishike sindano ya elektrolisisi maishani mwake, lakini yeye ndiye mtu wa kwanza kuambiwa, mara nyingi kwa sauti ya chini na baada ya maneno mengi kuhusu mambo mengine. Ndevu kwa mwanamke zina aibu kubwa. Nikabu huzificha barabarani, haizifichi chumbani. Kulichukulia shauri hilo kuwa ni la urembo tu ni kosa la kitabibu, kwa sababu nywele nene za kidevu, kifua, tumbo na mgongo huweza kuwa alama ya homoni za androjeni zilizozidi.

Maswali ni mepesi: hedhi inakuja kila mwezi? Nywele zilianza lini, na ziliongezeka kwa kasi gani? Kuna chunusi, unene ulioongezeka, ugumu wa kupata ujauzito? Kuna dawa zinazotumiwa, zikiwemo krimu za kujichubua zenye steroidi? Chanzo kinachopatikana mara nyingi zaidi ni ugonjwa wa ovari zenye vivimbe vingi, unaoambatana na hedhi zisizo na mpangilio na hatari kubwa zaidi ya kisukari. Lakini nywele zilizotokea ghafla katika miezi michache, pamoja na sauti kuwa nzito, upara wa paji, au kisimi kukua, zinahitaji rufaa ya haraka, kwani huweza kusababishwa na uvimbe wa ovari au wa tezi za adrenali. Mgonjwa wa namna hii asitumwe kwa mtaalamu wa nywele kabla hajachunguzwa.

Mizunguko ya nywele inaeleza pia kwa nini vidonge vya homoni huonekana havifanyi kazi. Dawa haiung'oi unywele uliokwisha kuota. Huizuia zamu inayofuata isinenepe. Matokeo huonekana baada ya miezi sita hivi, na wanaoacha katika mwezi wa tatu huacha mapema mno. Spironolaktoni, mojawapo ya dawa hizo, haifai kwa mwenye ujauzito au anayeutafuta. Elektrolisisi bila kudhibiti homoni nayo ina kasoro yake: inaua vinyweleo vilivyopo, huku malaika wa jirani wakiendelea kugeuzwa kuwa nywele nene. Mgonjwa huyu akisema nywele ni mpya, huenda anasema kweli.

Kuna krimu ya eflonithini inayopunguza kasi ya ukuaji wa nywele za uso, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Eflonithini ni dawa ya malale ya aina ya gambiense, ile inayopatikana kaskazini-magharibi mwa Uganda na Kongo. Utengenezaji wa dawa ya sindano kwa ajili ya malale ulikuwa umesimama kwa kukosa soko, na hamu ya krimu ya ndevu za wanawake wa nchi tajiri ikachangia kuurejesha. Krimu hiyo haiui kinyweleo. Ikiachwa, nywele hurudi katika kasi yake.

Ngozi nyeusi na usalama

Leza hulenga rangi nyeusi ya unywele. Katika ngozi yenye weusi mwingi, mwanga huo hunyonywa na ngozi pia, na mashine isiyofaa huunguza. Yenye mawimbi marefu ya nanomita 1064 ndiyo salama zaidi kwa ngozi za Kiafrika. Elektrolisisi haijali rangi ya ngozi wala ya unywele, na hutibu hata mvi. Hata hivyo ngozi nyeusi hujibu kila jeraha kwa doa jeusi, na baadhi ya watu hujibu kwa keloidi. Mwenye keloidi za zamani kifuani au sikioni aseme kabla, na ajaribiwe kwenye sehemu ndogo iliyojificha.

Sindano iwe mpya, ifunguliwe mbele ya mgonjwa, na itupwe baada ya mtu mmoja, kwa sababu ya homa ya ini aina ya B na virusi vya Ukimwi. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asitibiwe kwa umeme huu. Nywele zinazoota juu ya baka au chunjua zisiguswe mpaka daktari aikague ngozi hiyo. Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwafunza maofisa wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992, na ofisa wa aina hiyo, anapopatikana, ndiye wa kuulizwa kuhusu makovu na madoa.

Kwa siku mbili baada ya tiba, eneo lisipakwe singo, liwa, manukato wala mafuta mazito. Jua kali liepukwe kwa mtandio au kivuli. Pemba ina kishawishi chake cha pekee: mafuta ya karafuu, ambayo hukamuliwa kwa makonyo huko Wawi na hujulikana kwa kutuliza jino. Yakipakwa bila kuchanganywa juu ya ngozi iliyotoka kutibiwa, huunguza na kuacha weusi unaokaa miezi. Maji safi ya baridi na kitambaa kisafi vinatosha.

Mgonjwa apewe kadi, na kila ziara iandikwe tarehe, eneo, na dakika zilizotumika kulisafisha lote. Nywele zinazohesabiwa kwa macho hudanganya, lakini dakika hazidanganyi kirahisi: eneo lililohitaji dakika 60 mwezi wa kwanza, likahitaji 40 mwezi wa nne na 15 mwezi wa kumi, linaelekea kumalizika, hata kama kioo cha asubuhi bado kina nywele tatu. Dakika zisipopungua baada ya miezi sita, kuna mambo mawili ya kuchunguza, ufundi wa mkono na kiwango cha homoni, na la pili huanza kwa kipimo cha damu.